Cherehani iliyokwama haijafa

*Ujuzi wa kuikwamua mashine ni sehemu ya ushonaji. Anayegawa cherehani bila ujuzi huo ametoa nusu ya kitendea kazi.*

Imebaki wiki moja shule zifunguliwe. Kwenye baraza la duka la vitambaa, sketi za bluu zimelundikwa upande mmoja, mashati meupe yasiyo na kola upande wa pili, na fundi ameinamia cherehani ya miguu akiunga mikono ya shati la mwisho katika oda ya asubuhi. Mara mlio wa mashine unakuwa mzito. Gurudumu linagoma. Anakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi, sindano inakatika, na anapokivuta kitambaa hakitoki: kimeshikwa na bonge la uzi lililojisokota chini ya bati. Mzazi aliyeahidiwa sare saa kumi yuko njiani. Mkasa huu ni wa Kariakoo kama ulivyo wa Biashara Street ya Mombasa. Hutokea Januari kwenye sare, hutokea kumi la mwisho la Ramadhani kwenye kanzu na magauni ya Idi, hutokea Desemba kwenye vitenge vya harusi, yaani pale hasa ambapo fundi hana hata saa moja ya kupoteza, kwa sababu ndipo mashine inapofanya kazi kutwa na usiku bila kusafishwa.

Kinachofanyika baada ya hapo ndicho chenye gharama. Wapo wanaolazimisha gurudumu lizunguke hadi kitu kivunjike. Wapo wanaochukua bisibisi na kuanza kukaza skrubu ya kwanza wanayoiona. Na wapo wanaokifungua kichwa cha mashine kutoka mezani, wakakibeba hadi kwa fundi mashine, wakangoja zamu yao huku oda zikilala. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba cherehani iliyokwama, mara nyingi, haijaharibika. Imenaswa na uzi, uchafu au sindano mbovu, na vyote vitatu viko ndani ya uwezo wa mtu anayeitumia kila siku. Kwa hiyo kuikwamua ni kazi ya mshonaji kama ilivyo kazi yake kukata kola, na kila anayefundisha, anayeuza au anayegawa mashine anawajibika kuutoa ujuzi huo pamoja na mashine yenyewe.

Fujo iko chini, kosa liko juu

Ili kuona kwa nini hoja hii inasimama, lazima kuelewa mshono unavyofungwa. Uzi wa juu hutoka kwenye kidonge chake, ukapita kati ya visahani viwili vinavyoubana, ukaingia kwenye tundu la mkono mdogo unaopanda na kushuka mbele ya mashine, ndipo ukashuka kwenye sindano. Uzi wa chini umezungushiwa bobini. Sindano ikishatoboa kitambaa na kuanza kupanda, uzi wa juu hulegea kidogo na kufanya kitanzi nyuma yake. Ncha ya kulabu iliyo chini hukidaka kitanzi hicho, ikakipanua na kukipitisha kuizunguka bobini nzima. Kisha ule mkono wa juu hupanda, ukakivuta kitanzi kirudi mpaka nyuzi mbili zikabana katikati ya kitambaa. Mashine ya nyumbani hurudia mzunguko huo mara mia kadhaa kwa dakika, na zipo za kiwandani zinazofika mara 5,000.

Sasa chukulia kwamba uzi wa juu haukuingia vizuri kati ya visahani, au umeruka lile tundu la mkono unaopanda na kushuka. Kulabu haijui hilo. Itadaka kitanzi, itakipanua, itakizungusha, lakini hakuna cha kukivuta kirudi juu. Kila mshono unaacha kitanzi chake chini, na baada ya mishono kumi au ishirini kimojawapo cha vitanzi hivyo kinaburutwa hadi kwenye njia ambamo kulabu hupita. Hapo gurudumu linagoma. Fundi akipindua kitambaa anaona fujo upande wa bobini, na kwa haki kabisa anailaumu bobini. Analitoa kasha lake, anakaza ile skrubu ndogo ya ubavuni, anarudisha, anashona, mashine inakwama tena. Tangu hapo anapambana na makosa mawili: la kwanza lililoko juu, ambalo hajaligusa, na la pili alilolitengeneza mwenyewe, kwa sababu skrubu ile hubadilisha mvutano wa uzi hata ikigeuzwa kidogo sana.

> Bonge la uzi likionekana chini ya kitambaa, mahali pa kwanza pa kutazama ni njia ya uzi wa juu.

Upo mtihani mfupi wa kuthibitisha jambo hili, na hauhitaji kifaa chochote. Mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa, vuta uzi wa juu karibu na sindano: unapaswa kukaza. Nyanyua mguu huo, vuta tena: unapaswa kuteleza bila shida. Ukiteleza hali zote mbili, haumo kati ya visahani. Kwenye mashine nyingi, kunyanyua mguu ndiko kunakoviachanisha visahani, na ndiyo sababu uzi hutungwa mguu ukiwa juu. Anayetunga mguu ukiwa chini huuacha uzi ukielea kwenye ukingo wa visahani, na anayesahau kuushusha kabla ya kuanza kushona hupata bonge lilelile kwa sababu ileile.

Zipo njia nyingine za kufika kwenye mkwamo huo, na nyingi ni za mkono. Mshonaji asiposhika ncha za nyuzi mbili mwanzoni mwa mshono, zinaweza kufyonzwa chini pamoja na kitambaa chepesi kama shifoni. Kwenye cherehani ya miguu, pedeli ikianza vibaya gurudumu huzunguka kinyumenyume, na uzi hujisokota kabla hata mshono wa tatu haujafungwa. Dawa yake ni kulianzisha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwa mshonaji, ndipo miguu ifuate. Kuvuta kitambaa ili kiende haraka nako ni kosa la kila siku. Kazi ya kukisogeza ni ya meno yaliyo chini ya mguu, ambayo hupanda, husogea, hushuka na kurudi kati ya mshono mmoja na mwingine. Mkono ukivuta wakati sindano imo ndani ya kitambaa, sindano hupinda.

Sindano ya bei ndogo, hasara kubwa

Sindano inastahili kuangaliwa kwa kirefu kwa sababu ndicho kipande rahisi kuliko vyote kwenye mashine, na ndicho kinachotumiwa hadi kifie kazini. Namba yake ni unene wake: 14 huandikwa pia 90, maana yake 0.9 ya milimita, na 16 huandikwa 100, yaani milimita moja kamili. Kanga na pamba nyepesi zinaridhika na namba 11 hadi 14, kitenge kinataka 14, jinzi na kaki zinataka 16 au 18. Fundi anayetumia sindano moja kupinda kanga asubuhi na kuunga suruali ya kaki mchana anaitaka ifanye kazi isiyo yake. Sindano nyembamba kwenye kaki hujikunja kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na hapo ama kulabu inakosa kitanzi au ncha ya sindano inagonga bati.

Madhara ya kugonga huku hayaishi pale sindano inapobadilishwa. Tundu la bati likishapata mkwaruzo, au ncha ya kulabu ikishapata ukali, kila uzi unaopita hapo hukwaruzwa. Uzi mmoja hupita tundu la sindano makumi ya mara, ukienda na kurudi, kabla haujatulia kwenye mshono wake. Mkwaruzo mdogo basi unatosha kuunyoa, ukatoa vumbi na nyuzinyuzi zinazokwenda kujaza chini ya meno. Hivyo ndivyo mtu anavyookoa bei ya sindano akaja kulipia kulabu mpya. Uwekaji wa sindano nao una kanuni moja inayofaa kwa mashine zote za kawaida: mfereji mrefu wa sindano huelekea upande uzi unakoingilia, na upande uliobonyea juu ya tundu huelekea kulabu. Ikigeuzwa, mashine hairuki mshono mmoja mmoja tu, haishoni kabisa. Na sindano za mashine za kiwandani zenye shina la mduara hazifai kwenye mashine ya nyumbani inayotaka shina lenye upande bapa, hata kama zimeingia.

Namna ya kuikwamua

Kwanza, mshonaji asikanyage tena. Mashine ya umeme ichomolewe, ya miguu ivuliwe mkanda. Mguu unyanyuliwe, uzi wa juu ukatwe karibu na sindano, kisha gurudumu litikiswe kwa mkono mbele na nyuma, taratibu, kwa kiasi kidogo kidogo. Mara nyingi kulabu huachia wakati huu. Sindano ikipanda, itolewe kabisa. Kama kitambaa bado kimeshikwa, wembe upitishwe kati yake na bati kukata vitanzi, badala ya kukivuta na kukichana. Baada ya hapo kasha la bobini litoke, na pete inayoshikilia kulabu ifunguliwe. Kwenye Singer na Butterfly za miguu tulizozizoea, pete hiyo hushikwa na vibanio au skrubu, na kulabu hutoka yenyewe ikishafunguliwa. Simu ya mkononi inafaa sana hapa: piga picha kabla ya kutoa kila kipande, ili urudishaji usiwe wa kubahatisha.

Ndani ya njia ya kulabu ndimo mkosaji anamoonekana. Ni kipande kifupi cha uzi, mara nyingine kifupi kuliko ukucha, kimelala kwenye mfereji. Kinavutwa kwa kibano. Brashi ndogo inaondoa vumbi, bati la chini ya sindano linafunguliwa na uchafu uliogandamana kati ya meno unachokolewa. Uchafu huu hauna sura ya kutisha, lakini ukishona vitambaa vyenye nyuzinyuzi kwa wiki kadhaa bila kuutoa, hugandamana ukawa mgumu na kuyazuia meno yasipande. Kulabu ipanguswe, ncha yake ipitishwe kwenye ukucha kutafuta ukali, itiwe tone moja la mafuta, irudishwe. Sindano mpya. Uzi utungwe upya tangu mwanzo. Mshono wa kwanza ufanyiwe majaribio kwenye kipande cha kitambaa kilekile, gurudumu likizungushwa kwa mkono.

Kama kulabu imetoka na gurudumu bado ni zito, tatizo si uzi wa chini. Huenda uzi umejizungusha nyuma ya gurudumu, au mafuta ya zamani yameganda ndani ya mwili wa mashine. Na kama gurudumu linazunguka bila sindano kusogea, kabla ya kusema mashine imekufa, ikaguliwe ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu ambayo hulegezwa wakati wa kuzungushia uzi kwenye bobini. Ikisahauliwa kukazwa, mashine nzima huonekana imekufa ilhali haina kasoro hata moja.

Kuhusu mafuta, hapafai kuwa na utani. Mafuta ya kula hukauka yakawa gundi. Mafuta ya injini ni mazito na huacha madoa yasiyotoka kwenye shati jeupe. Mafuta ya cherehani ni mepesi na huuzwa kwenye vichupa vidogo katika maduka ya vifaa vya ushonaji. Mashine iliyokaa muda mrefu ikagandamana inaweza kulainishwa kwa mafuta ya taa, kama vitabu vya zamani vya Singer vilivyoelekeza, mradi izungushwe, ipanguswe, kisha itiwe mafuta yake halisi, kwani mafuta ya taa yanaosha lakini hayalindi.

Zamani mashine ilikuja na kitabu chake

Inafaa kukumbuka kwamba waliouza cherehani mwanzoni walilielewa jambo hili kuliko tunavyolielewa sisi. Elias Howe alipata hataza ya mashine yake Marekani tarehe 10 Septemba 1846, ikiwa na sindano yenye tundu karibu na ncha na nyuzi mbili zinazofungana. Isaac Merritt Singer akapata ya kwake tarehe 12 Agosti 1851, na katika muongo huohuo kampuni yake ikaanza kuuza kwa malipo ya awamu, ili familia isiyo na fedha za mkupuo iweze kununua. Lakini awamu peke yake zisingetosha kukifanya chombo kigeni kikubalike nyumbani. Kampuni iliajiri wanawake wa kuonyesha namna ya kukitumia, na mashine iliondoka dukani ikiwa na kitabu cha maelekezo, kopo la mafuta, bisibisi, bobini za akiba na sindano. Mnunuzi alielezwa kwa maandishi kwamba mashine inayofanya kazi kutwa hutiwa mafuta kila siku. Haikuwa hisani. Mashine iliyokwama nyumbani kwa mteja ilikuwa awamu isiyolipwa.

Sura ya pili ya historia hiyo ndiyo inayofanya ukarabati uwezekane kwetu hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watengenezaji wa Japani walikubaliana kutumia muundo mmoja ulioiga Singer ya aina ya 15, kwa vipimo vya namna moja, hata kipande cha kiwanda hiki kikaingia kwenye mashine ya kiwanda kile. Viwanda vya China, kikiwemo cha Butterfly cha Shanghai, vikazalisha mashine za sura hiyohiyo kwa wingi. Ndiyo maana bobini au kasha linalonunuliwa dukani Dodoma, Kisumu au Bujumbura huweza kuingia kwenye mashine iliyorithiwa kutoka kwa bibi. Vipuri vipo, na vimekuwapo kwa vizazi. Kilichopotea njiani ni kile kitabu, yule mwonyeshaji na lile kopo la mafuta. Karatasi inayokuja na mashine nyingi mpya leo, kama ipo, imeandikwa kwa Kiingereza au Kichina, na mnunuzi anaitupa pamoja na boksi.

"Kila mtu na kazi yake"

Pingamizi la kwanza hutoka kwa mafundi mashine, na lina uzito. Wanasema mshonaji akiruhusiwa kufungua mashine ataivuruga, na kwamba wamepokea mashine nyingi zilizokuja na tatizo moja zikiwa zimeongezewa matatu. Ni kweli kwamba yapo mambo ambayo mshonaji hapaswi kuyagusa. Kulabu hupangwa ikutane na sindano wakati sindano imepanda takriban milimita 2 hadi 2.5 kutoka kituo chake cha chini kabisa, na kosa dogo hapo linatosha kuifanya mashine iruke mishono au ivunje sindano. Urefu wa chuma kinachoshika sindano, mpangilio wa kulabu, na skrubu za shafti zilizo ndani ya mwili wa mashine ni kazi ya mtu aliyezisomea. Lakini pingamizi hili, likitazamwa vizuri, linadai elimu badala ya kuikataa. Anayevuruga mashine ni yule ambaye hakuambiwa mpaka uko wapi, na mwenye dharura hatangoja ruhusa ya mtu. Akijua kwamba kutoa kulabu, kusafisha, kubadili sindano na kutia mafuta ni kazi yake, na kwamba yale mambo matatu si yake, fundi mashine atapokea mashine zenye ubovu wa kweli, ambao ndio unaostahili ujuzi wake na ujira wake.

Pingamizi la pili ni la wanaosema mashine za siku hizi hazirekebishiki, hivyo ni afadhali kununua nyingine. Nusu ya kauli hiyo ni sahihi. Zipo mashine ndogo za umeme zenye meno ya plastiki ndani, na jino la plastiki likikatika, mwili mzima huweza kuwa taka. Lakini uzi unanasa kwenye mashine hizo kwa sababu zilezile zinazounasisha kwenye mashine ya chuma, na tofauti iko kwenye adhabu. Ukiilazimisha Butterfly iliyokwama, pengine utavunja sindano. Ukiilazimisha mashine ya plastiki, utavunja mashine. Kadiri mashine zinavyozidi kuwa dhaifu, ndivyo anayezitumia anavyohitaji zaidi kujua wakati wa kuondoa mguu kwenye pedeli.

> Kadiri mashine zinavyozidi kuwa dhaifu, ndivyo anayezitumia anavyohitaji zaidi kujua wakati wa kuondoa mguu kwenye pedeli.

Wapo pia wanaosema fundi hana muda wa kusafisha mashine katikati ya msimu. Analipwa kwa nguo, wala si kwa saa, na dakika za brashi hazimlipi mtu. Hesabu hii inapimwa upande mmoja. Dakika za kusafisha jioni, wateja wakishaondoka, zinachaguliwa na fundi mwenyewe, ilhali saa za kukwama huchaguliwa na mashine, na huangukia siku ile ambayo oda ni nyingi. Wengine watasema video za mafunzo zimejaa mitandaoni. Zipo, na baadhi ni za Kiswahili na ni nzuri. Tatizo ni kwamba mwenye shida hutafuta kwa jina la kile anachokidhani. Aliyeamini kwamba bobini ndiyo mbovu atatafuta bobini, ataonyeshwa namna ya kukaza skrubu ya kasha, na atarudi palepale. Anahitaji mtu aliyemwambia mapema kwamba fujo ya chini ni kosa la juu.

Nani anapaswa kuutoa ujuzi huu

Wengi wa mafundi wetu hawakuupata ushonaji darasani. Waliupata kwa kukaa pembeni ya fundi, wakaanza kwa kupiga pasi, kufumua na kushikiza vifungo, kisha wakapanda hadi kwenye mashine. Mfumo huu umewalea mafundi hodari, lakini unarithisha makosa kwa uaminifu uleule unaorithisha ustadi. Mwalimu aliyezoea kukaza bobini humfundisha mwanafunzi wake kukaza bobini. Ndipo umuhimu wa vyuo unapoonekana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 Tanzania, na vyuo vya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vimefundisha ushonaji kwa muda mrefu na vinafika kwenye mikoa mingi. Popote ambapo mwanafunzi hupimwa kwa gauni alilolishona tu, pangeongezwa kipimo kingine: apewe mashine iliyokwama kwa makusudi, aikwamue, aeleze chanzo. Hakihitaji maabara wala bajeti mpya, kinahitaji kipande cha uzi na dakika chache.

Lakini pengo kubwa zaidi liko kwenye mashine za msaada na za mikopo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa nchini Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, kisha ukarejeshwa. Kenya ina mfuko wake wa wanawake wajasiriamali tangu 2007. Ushonaji ni miongoni mwa kazi zinazochaguliwa na vikundi vya namna hii, kwa sababu haidai eneo kubwa na wateja hawakosekani: kila doti ya kanga inataka kukatwa na kupindwa, kila mtoto wa shule anataka sare. Na nje ya mikopo ipo ile hafla inayofahamika, mashine zimepangwa mstari chini ya turubai, kiongozi anakabidhi, picha inapigwa.

Mashine ya mkopo inadaiwa kila mwezi, iwe inashona au imekwama. Kikundi cha akina mama watano chenye mashine mbili kikipoteza moja kwa wiki tatu, kimepoteza nusu ya uwezo wake wa kurejesha, na anayeitwa mzembe kwenye kikao ni yule mama aliyekuwa akiitumia siku ilipokwama. Hakuna haki hapo. Aliyeshindwa ni aliyekabidhi chuma cha thamani bila brashi, bila kichupa cha mafuta, bila pakiti ya sindano za namba tofauti, na bila mtu wa kukaa na kikundi siku mbili kukifundisha kufungua kulabu na kuirudisha. Ukilinganisha na bei ya cherehani, vitu hivyo vyote ni fedha ndogo sana. Kuviacha nje ya bajeti ni uamuzi, na uamuzi huo unaweza kubadilishwa katika kikao kimoja cha ununuzi.

Hivyo wito unakwenda kwanza kwa maofisa maendeleo ya jamii na wafadhili wanaoandika orodha ya vifaa: msisaini hati ya kupokea cherehani yoyote ambayo haikuja na sindano, mafuta, brashi, bisibisi na maelekezo ya Kiswahili, na msihesabu mradi kuwa umekabidhiwa mpaka kila mwanakikundi ameikwamua mashine kwa mikono yake mbele ya mkufunzi. Unakwenda kwa wenye maduka: chapisheni ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye picha za njia ya uzi na uelekeo wa sindano, muubandike kwenye kila mashine mnayouza. Na unakwenda kwa fundi anayesoma makala haya Jumapili, mashine ikiwa imefunikwa: fungua bati leo, toa uchafu, tia mafuta, weka sindano mpya. Kesho Jumatatu oda zinaanza kuingia.